Msinywe Chai Bado: Historia ya Marehemu Eliona Ndekirwa Njau

Mchungaji na wazee wa kanisa, wakwe zetu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima leo Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, kuja kulia nasi hapa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwetu, ukoo wa Njau unawapokea na unawapa pole, kwa maana msiba huu si wetu peke yetu. Mimi ni Kindness, binti wa Sifael, mdogo wake marehemu, kwa hiyo marehemu ni baba yangu mkubwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenichagua nisome historia yake, akiwa bado na sauti ya kuchagua. Kila mmoja wenu amepewa kikombe cha chai ya maziwa, imetoka jikoni sasa hivi na inafuka, na nimesikia kina mama wakiulizana watu wananyweshwaje chai kabla ya kuzika, hiyo ni desturi ya wapi. Ni agizo la marehemu. Alisema kila mtu ashike kikombe chake na asinywe mpaka historia iishe, nami nimefundisha darasa la pili kule Rau kwa miaka kumi na mbili, najua kusubirisha watu na najua kuwaona wanaoibia. Mkononi nina karatasi hii na jani moja la isale, na hilo jani tutalifikia.

Marehemu Eliona Ndekirwa Njau alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Mbokomu, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Ndekirwa, wa kwanza akiwa dada yake Eliaichi, na wa mwisho baba yangu Sifael. Alikulia katika nyumba yenye migomba, ng'ombe wawili wa zizini, kahawa ya kuuza na chai ya kunywa, maana sisi wa mlimani tunalima kahawa wanywe wenzetu, na chai yenyewe ilinywewa ikitoka mafigani, na mtoto aliyethubutu kupuliza kikombe aliulizwa na Mzee Ndekirwa, "Wewe unapuliza nini, unawasha moto?" Mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshuka mpaka mlangoni, kunywa chai ya moto bila kukunja uso lilikuwa jambo la sifa, na Eliona aliwashinda wote, akimaliza kikombe wakati wenzake bado wanakizungusha mikononi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akapata kipaimara mwaka 1976, na mwaka huo huo akajiunga na sekondari Moshi mjini, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1979. Akiwa kidato cha tatu baba yake aliugua, kwanza nyama ilimkwama, kisha ndizi, kisha mtori wa ndizi zilizopondwa, mwisho hata maji yakawa yanarudi, akafariki tarehe 2 Novemba 1978 akiwa amebaki ngozi na mifupa mbele ya sahani iliyojaa. Wakati ule hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa huo, ila ukoo ulikuwa na jina la mtu, kwani Mzee Ndekirwa alikuwa amegombana na baba wa jirani yetu Jovin kuhusu zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na ikasemwa kwamba mzee yule alitupigia chungu, laana ya kale, ili makoo ya Wanjau yafungwe moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazikusalimiana wala kuzikana, na sisi watoto tuliozaliwa baadaye tulikatazwa hata kuokota parachichi lililoangukia upande wao.

Mwaka 1981 marehemu aliajiriwa na chama cha msingi kupima kahawa za wakulima, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2003, na wengi mliopo hapa mnakumbuka ukali wake pale kwenye mizani, maana hakuwa mtu wa kubembelezwa na mke wa mtu wala na mchungaji. Tarehe 21 Desemba 1985 alifunga ndoa na Mama Mkubwa Rachel katika usharika wetu, Mungu akawajalia watoto wawili, Godwin aliyezaliwa mwaka 1987, na binti aliyezaliwa mwaka 1991 akapewa jina la shangazi yake, Eliaichi. Shangazi huyo, yule mtoto wa kwanza wa Mzee Ndekirwa, alifariki tarehe 17 Mei 1999 kwa njia ile ile ya baba yake, nyama, ndizi, mtori, maji, na hata wale waliokuwa na mashaka kuhusu chungu waliyaweka pembeni mashaka yao wakaogopa pamoja na wengine.

Mwaka 2015 walifika watafiti wa afya, wakitaka kujua kwa nini saratani ya umio, yaani njia ya chakula, inaonekana sana katika milima yetu hii, wakatafuta wenyeji wenye kujua Kichagga na wasiochoka miguu, na marehemu akawa mmoja wao. Alitembea kuanzia nyumba za juu karibu na msitu hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, akiwauliza watu wanakula nini, wanakunywa nini, wanapikia wapi, na akiwa na kipimajoto chembamba alichokitumbukiza katika kikombe mwenyeji anapopiga funda la kwanza. Kazi hiyo aliipenda kuliko ya mizani, alisema kahawa haina maneno lakini mtu akinywa chai anakueleza kila kitu. Tatizo ni moja, na kila Mchagga aliyekaa hapa analijua kabla sijalisema, kwamba hakuna mama wa nyumba atakayekubali mgeni apime chai ya wenzake huku yeye hana kikombe, wala hakuna mgeni mwenye adabu atakayekiacha kikombe kipoe mbele ya aliyempikia. Basi baba mkubwa alipima na akanywa, nyumba baada ya nyumba, kwa miaka mitatu, akichukua kwa koo lake mwenyewe kile alichotumwa kukipima kwa wengine.

Mwaka 2018 majibu yaliletwa katika ukumbi wa usharika, wataalamu wakaeleza kwa upole kwamba wengi wetu tunakunywa chai ikiwa na joto kupita nyuzi sitini na tano, kiwango ambacho wataalamu wa dunia walikuwa wamekwisha kusema kwamba huenda kinachangia saratani hiyo. Hawakusema ni chai peke yake, walisema yapo mengine, yakiwemo yale wasiyoyajua bado, na mimi niliyekuwepo naona ni haki niliseme hilo, tusije tukabadilisha laana moja kwa nyingine. Marehemu alirudi nyumbani, akalala na lile neno, na asubuhi alikata jani la isale, akalifunga fundo, akavuka ule mpaka ambao hakuna Mnjau aliyeuvuka kwa miaka arobaini, akasimama mlangoni kwa Mzee Jovin. Mnajua isale, jani letu la kuomba radhi na kusihi, halikataliwi. Alisema, "Chungu tulichosema mlitupigia nyie, nafikiri kilikuwa jikoni kwetu, kinachemka," na Mzee Jovin akalipokea jani lile, akalia kuliko aliyelileta, na kaburi mnaloliona pale migombani limechimbwa na wanawe.

Lakini historia ikisomwa sifa tupu inakuwa tangazo la biashara, na yeye mwenyewe alikataza. Siku ile ile ya majibu, hotuba zilipokwisha, chai iliandaliwa pale ukumbini, watu wakaangaliana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na Eliona akachukua kikombe kikiwa bado kinatoa mvuke, akakimaliza mbele ya wote, akafuta mdomo na kusema, "Mlima una baridi, hao wataalamu hawajalala huku." Ukumbi mzima ulicheka, na vikombe vikachukuliwa. Kama aliyepima mwenyewe anakunywa, kuna nini cha kuogopa? Aliamini vya kutosha kumwomba jirani radhi, hakuamini vya kutosha kusubiri kikombe kipoe, na kicheko kile kilimsumbua baadaye kuliko maumivu, alinieleza hivyo akiwa amegeukia ukuta.

Mwezi Juni mwaka 2024, katika harusi ya jamaa yetu kule Mabogini, kipande cha nyama kilimkwama, akasema ng'ombe alikuwa mzee. Mwezi Agosti ndizi zilianza kukwama, akasema hazikuiva vizuri, na Mama Mkubwa Rachel akaanza kuziponda bila kuambiwa na bila kuuliza. Tarehe 8 Oktoba 2024 alifanyiwa kipimo cha mpira wenye kamera katika hospitali moja hapa Moshi, akakutwa na saratani ya umio iliyokwisha kuenea, akapewa mionzi na kuwekewa kibomba cha kupitishia chakula, na kwa miezi kadhaa tulimwona akirudi kuwa mtu, akikemea ng'ombe na kukosoa mahubiri. Kisha kibomba nacho kikazidiwa. Mara ya mwisho alipoomba chai alinyweshwa kwa kijiko, ikiwa imepoa kabisa, akaishikilia mdomoni muda mrefu, akasema kumbe ina ladha ya maziwa, miaka yote hii alikuwa anaonja moto tu. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Sasa naomba radhi kwa baba yangu mzazi, aliyekaa pale mbele, kwa sababu linalofuata linamhusu, na mtoto hamwanikii baba yake mambo hadharani isipokuwa ametumwa na mkubwa wake. Siku ya Pasaka mwaka huu, tarehe 20 Aprili, tulikula kiburu cha ndizi na maharage pamoja katika nyumba hii, na marehemu, ambaye hakuwa akila tena, alikaa akitazama watu wanavyomeza, kama alivyozoea kwenye kazi yake. Aliona mdogo wake Sifael akipiga funda la maji kila baada ya tonge, akinyoosha shingo kidogo, na nyama akimpa mjukuu kwa kisingizio cha upendo. Alimwita pembeni, akamsihi ashuke mjini akapimwe, baba akajibu, "Ni vidonda vya tumbo tu, kaka, acha tumalize palizi," na palizi ilipokwisha ikawa acha tuchume kahawa, na kahawa imechumwa, imekauka, imekwenda. Marehemu alisema pia, na nayasoma kama alivyoyasema, kwamba chini ya maturubai ya msiba wake watakaa watu wengi, na kati yao wapo ambao tayari inawakwama na hawajamwambia mtu, kila mmoja akimlaumu ng'ombe. Aliwajua baadhi yenu, wala hakunitajia majina, lakini tangu nianze kusoma nimeona wanaoinamisha macho, na ninaogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea bila kuchoka, hata pale walipojua hawana cha kuongeza, majirani mliokamua ng'ombe wetu na kukata majani wakati sisi tukikesha hospitalini, Mzee Jovin na nyumba yake yote, usharika na kwaya, wenzake wa kwenye mizani waliobaki, na wenzake wa utafiti waliokuja kumtazama wakaketi naye, safari hii bila kipimajoto. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo mmoja. Kwa kinywa chetu Wanjau anawaomba wale waliocheka naye siku ile ukumbini wasicheke tena.

Chai imepoa, kunyweni, na atakayeona haipiti vizuri asimwangalie mwenzake, aje kesho baada ya ibada, gari la Godwin litashuka hospitalini Jumatatu asubuhi na lina nafasi. Baba Mkubwa Eliona, mpima kahawa, mpima chai, umetusubirisha kama ulivyotaka, pumzika kwa amani.

Baba, wewe usinywe kwanza. Shikamoo. Kaka yako alilifunga fundo la jani hili kwa mkono wake wiki iliyopita, akakataa kusaidiwa, na mkubwa hampi mdogo wake isale ila amekwishiwa na maneno yote. Halikataliwi, baba, unalijua kuliko mimi. Nyoosha mkono ulipokee.