Mjomba wa Upande wa Pili

Kijiwe chetu cha Mafiga kipo kando ya banda la fundi baiskeli, na ukitaka kuelezwa jambo ambalo hakuna anayelijua, hapo ndipo pa kuja. Jumanne ile tulikuwa na mgeni wa heshima, mzee Mwinshehe, aliyeshuka kutoka Kinole kwa ajili ya mpwa wake, Jesca. Binti alikuwa amepata familia Ujerumani, akakae nayo mwaka mmoja, awasaidie watoto wawili huku akijifunza lugha. Wenyewe wanaiita au pair. Miadi ya ubalozini ilikuwa kesho yake, na wiki iliyofuata angetimiza ishirini na saba, umri ambao ukikukuta hujaomba, viza hiyo huipati tena. Lililobaki ni neno la mjomba, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao ni wa upande wa mama, mjomba asipolitoa, mtoto wa dada haendi popote. Mimi nilikuwa namwombea kimoyomoyo, maana binti yule nampenda.

Mwinshehe: Barua nimesomewa. Imesainiwa na baba wa watoto. Baba ni nani? Si mgeni tu kwenye ukoo? Mjomba wa hao watoto yuko wapi?

Balozi tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kumsindikiza mtu ubalozini, akamsubiri nje getini.

Balozi: Mzee, achana na barua. Achukue viza ya utalii. Akifika anajichanganya na watu, habari imeisha.

Mwinshehe: Mtoto wa dada yangu akaishi kwa kujificha kama panya buku?

Balozi: Basi ya masomo.

Ezekiel fundi cherehani akacheka. Huyu ni Chanzo, kwa kuwa kila habari yake ina chanzo cha uhakika.

Chanzo: Masomo foleni, kaka. Nina chanzo. Wajerumani sasa hivi wanatafuta watu wa milimani. Vijana wao magoti yamechoka. Jesca aandike anapanda Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, anagongewa viza hata hajakaa kwenye kiti.

Balozi: Huo mkungu anaupeleka wapi?

Chanzo: Juu.

Balozi: Juu kuna nini?

Chanzo: Hiyo ni siri ya serikali yao.

Mimi: Jamani, binti ana viza yake inayoeleweka. Mkataba anao, cheti cha Kijerumani anacho.

Mwinshehe: Sijaikataa viza, mwanangu. Dada yangu amekufa ameniachia huyu mmoja. Akiugua kule, nimuulize nani?

Balozi akainamia kikombe chake. Hata Chanzo alinywa kahawa yake taratibu.

Ndipo Jesca akatokea, anahema, simu mkononi.

Jesca: Shikamooni. Mjomba, nimempata yule uliyemuulizia. Nilimwandikia mama wa watoto kwamba bila mjomba wa hao watoto sisafiri. Akamtafuta kaka yake. Huyu hapa, ametuma video.

Tukasogeza vichwa. Jitu la ndevu nyekundu lilikuwa limeshika karatasi, linasoma Kiswahili neno kwa neno, jasho likilitoka.

— Shikamoo mjomba. Mimi ni mjomba wa watoto. Jesca akiugua, nitakuja mimi.

— Marahaba, mwanangu, marahaba, Mwinshehe akaiitikia simu.

Nilifurahi mpaka nikamwaga kahawa. Lakini lile jitu lilikuwa halijamaliza.

— Naomba kuuliza. Jesca anapenda kula nini?

Balozi akamtazama Chanzo. Chanzo hakuwa na chanzo. Mzee akavua kofia.

Mwinshehe: Ndizi.

Jesca akainamisha kichwa.

Mwinshehe: Maharage, basi. Si nakuletea kila mavuno?

Jesca: Samahani, mjomba. Huwa nawapa majirani.

Balozi akakohoa, kwani jirani ndiye yeye.

Mzee akaanza kucheka, sisi tukafuata, mpaka fundi baiskeli akaacha pampu yake aje kuuliza kulikoni. Alipotulia, Mwinshehe alimshika mpwa wake mkono.

Mwinshehe: Sasa unapenda nini, mama?

Jesca: Wali na kisamvu cha nazi.

Mwinshehe: Mwandikie mjomba mwenzangu hivyo. Mwambie nimekubali, unakwenda. Na mwambie swali lake ni zuri, mimi nimelichelewa miaka ishirini na sita.