Gari Lililokuwa Bado Njiani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Nthiwa, stesheni masta wa mwisho wa ile stesheni yetu ya zamani, ng'ambo ya Malili. Stesheni ilifungwa. Reli imefunikwa na miiba. Lakini Mzee Nthiwa hakuondoka.

Kwa nini hakuondoka? Njia ya reli ilikuwa moja tu, na magari ya moshi mawili yangeweza kugongana. Dereva hakuruhusiwa kupita bila pete kubwa ya chuma kutoka kwa stesheni masta. Pete ikipokelewa stesheni iliyofuata, kengele hulia huku nyuma: gari limefika, njia ni wazi. Siku ya gari la mwisho, Mzee alimpa dereva pete, akangoja kengele. Nyaya za kengele zilikuwa zimekatwa asubuhi ile. Kengele haikulia.

Kwake, gari lile lilikuwa bado njiani.

Binti yake, Nduku, anaishi Kitui. Kila Krismasi alikuja kumchukua, kwa sababu moyo wa Mzee ulikuwa unadhoofika na daktari alikataa akae peke yake. Alimbembeleza sana.

"Baba, gari lilifika. Watu walishuka Mombasa, wakala samaki, wakasahau."

"Wewe umeambiwa na nani?" Mzee akamuuliza.

Kila jioni Mzee alionekana kando ya reli, taa mkononi. Mama Kasiva, anayechunga mbuzi pale, anasema hata mbuzi walizoea kuinua vichwa pamoja naye, wakitazama upande uleule. "Mwishowe na mimi nikaanza kusikiliza," anasema.

Mwezi uliopita Mzee Nthiwa alikutwa kwenye benchi la stesheni, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameshafariki.

Tulisoma tangazo lake hapa redioni. Kule Matiliku, Mzee Gikonyo akalisikia dukani kwake. Ni yeye aliyekuwa stesheni masta wa stesheni iliyofuata, aliyelipokea gari lile la mwisho. Pete ilikuwa ukutani, ameitundikia kamba za kuuza. Aliniambia, "Nilidhani alirudi kwao zamani."

Akaja nayo mazishini. Pasta alipomaliza kuomba, aliiweka juu ya jeneza, akainama.

"Nthiwa, gari lilifika. Njia ni wazi."

Hapo ndipo Nduku alipolia.

Jioni hiyo, anasema Mama Kasiva, mbuzi walikula tu. Hakuna aliyeinua kichwa.

Nduku, dada yetu, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu mahali anangoja neno lako. Mpigie leo. Mwambie ulifika.