Makala Aliyotaka Isahauliwe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mtaalamu wa biolojia ya molekuli, mtu aliyechunguza yanayotendeka ndani ya seli za mwili. Wanafunzi walimwita Bi Badili. Maabarani, kila ukiisogelea chupa ya pili ya seli na mrija wa kunyonyea uliotumia kwenye ya kwanza, yupo nyuma yako: badili mrija. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua.

Bi Badili aliandika makala nyingi. Moja ilivuma kuliko zote, ile ya seli za ini. Wataalamu wenzake waliitaja katika maandishi yao zaidi ya mara elfu moja. Katika kazi ile, kutajwa ndiko kupanda cheo. Uprofesa ulikuwa umeshafika mlangoni.

Asubuhi moja akaitoa kwenye jokofu chupa ya zamani ya seli zile, akazipima kwa kipimo kipya. Hazikuwa za ini. Zilikuwa za mapafu, za chupa ya jirani. Mrija mmoja ulitumika kwenye chupa mbili, tone likavuka. Seli zile za mapafu zilikuwa na pupa ya kukua. Ziliwasonga wenyeji hadi wakaisha, mgeni akawa mwenye nyumba.

Mumewe, fundi saa, alimsihi angoje kwanza kamati ya uprofesa ikae. Bi Badili akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe.

"Baba watoto," akasema, "watu wanajenga juu ya makala yangu. Dawa za wagonjwa zinatafutwa humo. Niwatazame wakipanda ghorofani, nami najua msingi ni mchanga?"

Akaliandikia jarida, makala ikaondolewa. Uprofesa nao ukaenda na maji.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Makala imeondolewa, na watu bado wanaitaja. Kila alipoiona kwenye kazi ya mtu, alimwandikia mwenyewe, kwa upole, aiache. Miaka na miaka, ndiyo kazi yake ya Jumamosi. Shemeji yake, mtu wa utani, akimkuta humwambia, "Wenzako wanalia hawasomwi. Wewe unalia unasomwa." Bi Badili hucheka mpaka miwani imteleze, kisha huendelea kuandika.

Alipougua na macho kuchoka, binti yake ndiye aliyemtafutia kwenye kompyuta wanaoitaja makala ile. Mama alihofu kuondoka duniani huku kosa lake likitembea. Siku chache kabla hajafariki akauliza kama yupo aliyeitaja.

"Mwaka mzima hakuna, Mama."

"Angalia tena."

Binti akaangalia tena. Hakuna.

"Basi zima hiyo kompyuta, mwanangu. Njoo ukae na mimi."

Kwa mumewe, binti yake, shemeji yake na wenzake wa maabara, poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Lipi tulilowahi kusema, watu wakalishika, nasi tunajua si kweli? Mwenye nalo asingoje kuugua. Aanze leo kuwaendea aliowaambia, mmoja mmoja.