Mkono wa Mpira Hauna Damu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Ismael Carattini. Bwana Quiñones, mkurugenzi wa chuo chetu. Wazazi na majirani wa mji wetu wa Ponce:

Makaribisho

Sisi wanafunzi wa cheti cha utoaji damu kwa ajili ya vipimo tunakukaribisha kwa furaha. Tafadhali usiegemee ukuta. Rangi imepakwa asubuhi kwa heshima yako.

Historia

Chuo kilianza na muuguzi mstaafu, Doña Nereida, na mkono mmoja wa mpira wa kujifunzia. Mwaka huu uongozi ulibana matumizi: Doña Nereida akaondolewa, mkono ukabaki. Sasa tunafundishwa na runinga. Kwa kweli haijawahi kuchelewa kazini.

Mafanikio

Mwezi Machi tulipelekwa hospitali kwa mazoezi. Mwenzetu Yadriel akapewa mgonjwa, mzee Don Toño. Mkono wa mpira umechorwa mishipa kwa wino wa buluu. Don Toño hakuchorwa. Yadriel akachoma, akakosa. Akachoma tena.

"Mwanangu," mzee akamwuliza, "unatafuta damu au unachimba kisima?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Yadriel alijifungia chooni akalia, na sote tukarudishwa siku hiyohiyo. Ripoti ya mkurugenzi inasema tulimaliza mapema.

Yadriel alikwenda moja kwa moja kwa Doña Nereida.

"Mbona umekawia hivyo?" mama huyo akamwambia, huku akikunja mkono wa gauni lake. "Kaa. Anza na mimi."

Tangu hapo anatufundisha sote kwenye gereji yake, bure. Don Toño alipopona alikuja mwenyewe: "Yuko wapi yule mchimba visima?" Yadriel akachoma mara moja tu, damu ikaja. "Hata sikusikia, mwanangu," mzee akasema.

Changamoto

Mkurugenzi amemwonya Doña Nereida aache, eti anaharibu jina la chuo. Nayo hospitali haitupokei tena mpaka tusimamiwe na mwalimu anayepumua.

Maombi

Tunaomba Doña Nereida arudishwe. Runinga tutaitazamia besiboli.

Mwisho, ratiba inasema utashuhudia onyesho la utoaji damu. Mkono wa mpira ulipasuka jana. Yadriel yuko tayari, lakini hatuthubutu bila msimamizi, na Doña Nereida amezuiwa na mlinzi pale getini. Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, kwanza uamuru geti lifunguliwe, kisha ukunje mkono wa shati.

Mungu akubariki wewe na mishipa yako.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Utoaji Damu,
Chuo cha Kazi cha Ceiba Dorada, Ponce.