Nesi Zillah Ormerod, Aliyefumua Flana ya Mwanangu

Wapendwa waombolezaji, na ninyi walimu mliofunga shule ili mfike, naitwa Edith, wifi wa marehemu, mke wa kaka yake, na familia imeniomba nisome wasifu huu mimi, ingawa mji mzima unajua tulivyogombana.

Marehemu Zillah Ormerod alizaliwa tarehe 9 Machi 1882 hapa Burnley, mtoto wa tatu wa mfumaji Abel na mkewe Hannah, akasoma shule ya kanisa hili, akaingia kiwanda cha nguo nusu siku, nusu shuleni, kama sisi sote, kisha mwaka 1903 akaenda Manchester kusomea unesi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alitaka kujua ndani ya watu kuna nini.

Tarehe 4 Januari 1909 aliajiriwa kuwa nesi wa shule, akakagua chawa, macho na mapunye, lakini vifua vilimshinda, maana sisi akina mama kila Oktoba tuliwapaka watoto mafuta ya bata bukini kifuani kuzuia baridi, tukawashonea flana mwilini, isifumuliwe mpaka Mei. Nilimwambia, "Wifi, wewe kagua vichwa, vifua tuachie wenyewe," naye akacheka, "Na kukiwa na neno humo ndani?"

Mwanangu Wilfred alikuwa na miaka kumi na moja, akipanda ngazi anahema, nami nikisema ni uvivu tu, kwani baada ya Krismasi alikuwa aanze kiwandani. Novemba 1912 Zillah alimfumua flana shuleni bila ruhusa yangu, daktari wa shule akamsikiliza kifua, Zillah akamshona tena vizuri kabisa, ila mimi hushona kwa mkono wa kushoto, mishono yangu hulalia upande mwingine, nikajua siku hiyo hiyo. Nilimfuata hadi langoni, nikamwita mwizi mbele ya watoto, "Akifa kwa baridi, utanizalia mwingine?" Siku ya tatu ikaja barua ya daktari, moyo wa Wilfred ni mgonjwa, kiwanda marufuku.

Sikusema naye mwaka na miezi minne. Pasaka ya 1914 alikuja na mpira wa daktari wa kusikilizia, hakuomba radhi, akanitia masikioni, ncha yake akaiweka kifuani mwa Wilfred, "Sikiliza mwenyewe, Wifi." Moyo wa mwanangu uligonga, kisha ukavuta, kama mlango usiofunga sawasawa, nami nikasikiliza mpaka mtoto akalalamika njaa. Nikamwambia Zillah chai inapoa, basi.

Hakuolewa, kwa kuwa nesi akiolewa aliachishwa kazi, na Enoch Pickles alimngoja miaka saba, akachoka. Hakuacha mtoto. Tarehe 20 Januari mwaka huu wa 1931 alishikwa na nimonia, akafariki tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, baada ya kumwuliza daktari ni pafu lipi lililoanza.

Tunamshukuru daktari huyo, aliyemjibu kweli, tunawashukuru majirani walioleta makaa na supu, na manesi wenzake waliomuuguza kwa zamu. Wilfred ana miaka ishirini na tisa, anatengeneza saa, na ngazi anapanda polepole.

Shukrani iliyobaki haimo kwenye karatasi hii. Zillah, ulikaa jikoni kwangu miaka yote hiyo, nami kila nilipotaka kusema niliishia kukumiminia chai. Asante kwa mwanangu. Pumzika sasa kwa amani, wifi yangu.