Mistari Mitatu ya Mtama Iliyo Kando ya Uzio

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa utafiti uliyesafiri kuja kwetu Ujiji. Viongozi wa mtaa. Bwana Feliksi, mtaalamu wako. Na nyinyi majirani mliokuja kusikiliza:

KARIBU

Shikamoo yako tumeipokea. Marahaba, mwanetu. Migebuka, samaki wa ziwa letu, iko jikoni na ugali hautachelewa. Lakini utuwie radhi, risala hii haitaanza na sifa. Tumekasirika, na ni afadhali uyajue haya ungali na njaa kuliko tukulishe kwanza huku tunakuficha.

MTAMA HUU ULIKOTOKA

Sisi ni wanawake kumi na wanane, wengine Waha wa hapa hapa, wengine tulivuka kutoka Burundi. Mwaka 1993 mwenzetu Kaneza alikimbia na mtoto mgongoni na mtama ndani ya foronya. Kwao wanauita amasaka. Kambini alilala na njaa, kichwa kikiwa juu ya chakula, na hakuupika. Alipohamia Ujiji akatugawia. Una unga mweupe kwenye bua na majani, na jua la Februari likiua mahindi, wenyewe unasimama.

Novemba Bwana Feliksi alikuja. Alisema ndani ya mmea kuna jeni, zina familia zake kama watu wenye ukoo, na familia nyingine kazi yake ni kutengeneza nta inayouzuia mmea usikauke. Anatafuta mtama wenye nta hiyo. Tukampa mbegu yetu yote, debe zima, ipandwe kwenye shamba la majaribio hapa hapa, kila mmoja wetu atunze mistari yake, kwa ahadi kwamba mavuno yatarudi kwetu, na mengine yaende kwa ndugu zetu walioko kambini, wanaolima vibustani nyuma ya nyumba zao. Kitu kimoja hakutuambia: hiyo nta yenyewe ni ipi.

KILICHOTOKEA

Mgeni rasmi, kwetu mgeni akija tunafagia uwanja, tunaosha vikombe hata kama ni visafi. Siku ya Bwana Feliksi kuja kupima mtama ilikuwa Alhamisi. Basi kila Alhamisi, kabla hajafika, tulishika matambara ya maji tukafuta mtama, jani kwa jani, mpaka unga wote ukatoka. Tuliujua unga huo miaka yote, lakini tuliuona ni uchafu tu, kama mtu mwenye mba. Shamba likawa kama limepakwa mafuta. Honorata akasema, "Leo hata mkwe akija, anakaa."

Na Bwana Feliksi alisemaje? "Bibi zangu, shamba linang'aa!" Alitusifu wiki sita nzima. Hakuuliza hata mara moja linang'aa kwa nini.

Marsiana peke yake hakufuta mistari yake mitatu iliyo kando ya uzio. Alikuwa Kasulu akimuuguza binti yake. Aliporudi tulimsema sana. Veneranda akamwambia, "We Marsiana, mistari yako imeota mvi, unataka mgeni atucheke?" Akajibu, "Na mimi nina mvi, mbona hamjanifuta?"

Februari jua likawaka wiki tatu. Yote tuliyoifuta ilinyauka ikafa. Ya Marsiana imesimama mpaka leo.

KINACHOTUUMA

Ripoti ya Bwana Feliksi inasema mtama huu hauna nta, hauvumilii ukame, na shamba lilimwe upya Jumatatu. Chini imeongezwa kwamba akina mama "hawakufuata maelekezo." Maelekezo yapi? Tulipomwita Bwana Feliksi kwenye uzio, ambako hakuwahi kupima, ndipo alipogusa ule unga akasema polepole, "Bibi, hii ndiyo nta."

Kumbe alichokuwa akikipima ndicho tulichokuwa tukikifuta! Tukamwambia, basi pima tena. "Ripoti imeshatumwa, bibi." Imeshatumwa! Kwani karatasi ikiondoka haina njia ya kurudi? Kosa la kufuta ni letu, tunalikiri mbele ya watu. La kutotuambia si letu, na hatulibebi.

MAOMBI

Mbegu yote tuliyobaki nayo iko kwenye mistari hiyo mitatu, na masuke bado mabichi. Yanataka wiki tatu. Trekta likipita Jumatatu, Kaneza alilala na njaa bure, na walioko kambini hawapati kitu. Tunaomba trekta lisubiri. Tunaomba mistari hiyo ipimwe, ripoti iandikwe upya, na lile neno la maelekezo liondolewe.

Ombi la mwisho ni la sasa hivi, kabla hujanawa. Njoo mpaka kwenye uzio. Leo hatukukusafishia kitu. Pitisha dole gumba juu ya jani, halafu libonyeze kwenye ripoti hii, juu ya wino mweusi, pale palipoandikwa "hauna nta." Wengi wetu tuliishia darasa la pili na la tatu; sahihi yetu ndiyo hiyo. Leo tunaiomba yako.

Mungu akupe afya, akupe na ujasiri wa kuandika ulichokiona, akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Bibi Watunza Mbegu, Ujiji
Imesomwa na Bibi Merina, Machi 2017