Mwongeli Hakuwa na Vidonda vya Tumbo

Angeline Mwongeli Muema alizaliwa Mwala, Machakos, tarehe 9 Juni 1978, mtoto wa pili wa marehemu mzee Muema na mama Kaluki. Mimi ni Nzembi, mdogo wake. Kamati ya mazishi ilinitaka niandike kwamba amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nimekataa.

Alimaliza darasa la nane huko nyumbani mwaka 1993, akaja Nairobi kujifunza ususi Lindi, Kibera. Mwaka 2004 alifunga ndoa na Dedan Kagiri, fundi wa mabomba, wakaishi mtaa wa Kongo, Kawangware. Saluni yake pale kituo cha matatu cha 56, hapo hapo Kawangware, aliifungua 2009. Wateja mnaujua mdomo wake. Ukimletea picha ya msuko usiofaa uso wako, alikuambia wazi, ukanuna, na mwezi uliofuata ukarudi.

Machi 2025 kifua kilianza kumbana, taya likamuuma, kijasho chembamba kikamtoka. Kliniki moja ya mtaani ikampima umeme wa moyo. Mistari kwenye karatasi ya kipimo ikatoka sawa, akaambiwa ni asidi, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba moyo wake ni mzima. Tukapiga makofi, hata mimi. Jumanne, tarehe 18, alianguka akisuka mteja, akafariki kabla ya kufika hospitali.

Daktari aliyechunguza mwili alitueleza kwamba mashambulio ya moyo si ya aina moja. Kuna lile ambalo mshipa huziba kabisa, na mara nyingi mistari huonyesha. Kuna lile ambalo mshipa huziba kiasi. Hapo mistari inaweza kutoka safi kabisa, na kinachogundua ni kupima damu, tena kurudia baada ya saa chache. Kuna hata lile la moyo kukosa damu ya kutosha kwa sababu ya ugonjwa mwingine. La Mwongeli lilikuwa la pili. Nikamuuliza mbona basi hakupimwa damu.

"Dada, huenda waliona mama mwenye kiungulia, wakaishia hapo," akasema.

Wakaishia hapo! Jamani, mtu mzima na akili zake anaishiaje hapo? Nina hasira na sitaificha mbele ya jeneza.

Amemwacha mumewe Dedan, watoto wao Wanja na Kihara, mama yetu Kaluki, mimi, na kaka yetu Nzuki, ambaye tangu matanga yaanze anashika kifua akisema ni gesi. Nzuki, usiniangalie hivyo. Tukishafukia kaburi, gari linakungoja. Utapimwa damu, utapimwa tena, na mimi nitakuwa nimeketi hapo hapo.

Lala kwa amani, dada yangu. Nzuki hatutamzika kwa jina la gesi.